Karatasi Iliyobaki Dirishani

Jumatatu, 4 Machi

Msimamizi wa hospitali ametuambia tuandike kila siku kasoro za mfumo mpya wa majibu, ili mvua zikiisha wakubwa waamue kama unabaki au unaondoka. Nitaziandika humu kwenye daftari langu mwenyewe, kwa sababu kasoro za nyumbani nazo zinahitaji pa kuandikwa.

Kasoro ya kazini: mgonjwa akija kaunta kuchukua majibu, nabofya jina lake na karatasi inafunguka palepale kwenye ukurasa ninaoutumia. Orodha ya wagonjwa inapotea. Nikishachapa, naifunga karatasi, na mfumo wote unafungika nayo. Naanza upya kuandika nywila huku foleni nzima inanikodolea macho. Leo nimefungiwa nje asubuhi yote.

Kasoro ya nyumbani: wifi yangu amewasili jana na mabegi mawili na cherehani. Ana uvimbe chini ya taya ambao ameuficha kwa mitandio tangu mwaka jana, na mume wangu ndiye aliyemlazimisha aje kupimwa hapa kwetu.

"Shikamoo, wifi yangu mkubwa," alinisalimia mlangoni, mikono kiunoni.

Mimi mkubwa! Huyu mwanamke amenizidi umri, naapa, lakini miaka yote anashikilia kwamba yeye ndiye mdogo. Nimemwomba mume wangu anisaidie.

"Yeye nilizaliwa nikamkuta ana meno," akasema. "Na wewe nilikuoa una meno. Msiniingize."

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimefungiwa nje tena. Cherehani imewekwa sebuleni, pale pale penye kiti changu.

Ijumaa, 8 Machi

Wameleta fundi wa kompyuta. Ni kijana mrefu, mpole mno, na kila ukimwambia jambo anajibu "subiri kidogo, mama." Hadi mchana idara nzima ilikuwa inamwita Subiri.

Nilimweleza shida yangu kwa ukali kidogo. Akanieleza kwamba karatasi zile hazijahifadhiwa popote. Nikibofya jina, seva iliyoko chumba cha chini inakusanya majibu kutoka maabara na kuiandika karatasi wakati huohuo, kisha inanitumia. Dawa yake, anasema, ni karatasi ifunguke kwenye dirisha jipya, pembeni, ili orodha yangu ibaki ilipo.

"Sasa kwa nini haikuwa hivyo tangu mwanzo?"

"Subiri kidogo, mama, naangalia."

Nyumbani, wifi amehamisha sufuria zote kwenye kabati la chini. Ati ndivyo watu wenye akili wanavyopanga.

Jumatatu, 11 Machi

Dirisha jipya limewekwa, na sasa karatasi haifunguki kabisa. Kumbe kivinjari kinadhani ni tangazo la biashara, kinalizuia kimyakimya. Nilibofya jina la mama mmoja mpaka kidole kikauma, na seva kule chini ikawa inaandika karatasi yake upya kila nilipobofya, mpaka ikazidiwa na hospitali nzima ikasimama. Subiri alikuja mbio na viatu vyenye matope, akakifundisha kivinjari kutuamini.

Alhamisi, 14 Machi

Tumetoka kwenye njaa tumeingia kwenye shibe ya kutapika. Kila karatasi inakuja na dirisha lake. Kufika mchana madirisha yamejaa hadi siioni orodha, na kompyuta inapumua kama mgonjwa wa pumu. Nilimwita Subiri nikamwambia aweke dirisha moja tu, kila karatasi mpya iingie humo na kuisukuma ya zamani nje.

Akakuna shingo. "Subiri kidogo, mama, hilo ningependa nilifikirie."

"Usilifikirie. Lifanye."

Alilifanya. Kijana hana uti wa mgongo, lakini angalau mikono anayo.

Jumanne, 19 Machi

Raha tupu. Dirisha moja, karatasi moja. Nimemaliza foleni kabla ya chai.

Wifi amekatwa kipande cha nyama kwenye ule uvimbe leo asubuhi. Alitoka chumbani na plasta shingoni akiwalalamikia manesi kwamba mshono wao haujanyooka. Yeye hushona mapazia, kwa hiyo mtu yeyote mwenye sindano ni mwanafunzi wake. Kipande kinapelekwa maabara ya mbali, na tumeambiwa tuwe na subira.

Ijumaa, 22 Machi

Jambo dogo. Pale kaunta nina desturi yangu: kabla sijampa mtu karatasi nasoma jina lake kwa sauti, naye ananiambia mwaka wake wa kuzaliwa. Leo nimemsomea mzee mmoja, akasema, "Hilo si jina langu, mwanangu." Nikatazama, kweli si lake, ni la yule aliyemtangulia. Nikabofya tena, ikaja ya kwake. Nadhani nilikosea mstari. Inabidi nikapimwe miwani.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. "Shikamoo, mkubwa wangu," kabla hata sijanawa uso. Sikumwitikia.

Alhamisi, 28 Machi

Nimerudisha sufuria kwenye kabati la juu. Nilipotoka kuoga nilizikuta chini. Mume wangu amegundua ghafla kwamba wanafunzi wake wa udereva wanahitaji masomo ya jioni, kwa hiyo tumebaki wawili kama majogoo kwenye tenga moja.

Jumatano, 3 Aprili

Nisipoandika nitasema, na sitakiwi kusema.

Mvua ilianza alfajiri. Maji yakaingia chumba cha daktari wa upasuaji, umeme wa upande ule ukazimwa. Akaja kwangu, soksi zimelowa. "Mama, niazime kiti chako mara moja." Nikampisha, nikageukia ukuta kama inavyotakiwa. Majibu yenye alama nyekundu, yale ya vipande vya nyama, sisi wa kaunta haturuhusiwi kuyafungua. Ni ya daktari na mgonjwa wake tu. Nilimsikia akibofya. Akashusha pumzi ndefu, akaniambia asante na kuondoka.

Nilipokaa nikaona jina la wifi kwenye orodha. Alama nyekundu mbele yake. Yamekuja.

Nilijiambia sibofyi. Nikamwambia mama mwenye mapacha majibu yake hayajafika, nikamwelekeza mwanafunzi wa malaria njia ya maabara, na kila mara macho yalirudi kwenye lile jina. Kisha foleni ikakatika kwa sababu ya mvua. Nikabofya.

Kompyuta ilikuwa nzito leo, kila kitu kinajikokota. Lakini dirisha lilikuja mbele mara moja, karatasi ikiwa ndani. Sikusoma jina. Nisome jina la nini? Huyu ni mtu anayenywea kikombe changu. Macho yalikimbilia chini kabisa, kwenye mstari wa hitimisho. Uliandikwa hivi: seli za saratani zimeonekana.

Nililifunga dirisha haraka kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu akakuta kuna mtu. Sikufungua tena. Mfumo unaandika nani amefungua nini, na mara moja inatosha kunifukuzisha kazi. Lakini nikisema ukweli, hata bila hilo nisingefungua. Nilichokiona kilinitosha.

Daktari atamwona Jumatatu. Hadi hapo mimi sijui kitu.

Nilipofika nyumbani alikuwa anapiga pasi pazia la mteja. "Shikamoo, wifi yangu mkubwa. Mbona una uso wa mtu aliyemeza sabuni?"

"Marahaba," nikamjibu. Tangu aje sijawahi kuitikia. Akasimamisha pasi akanitazama.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimempa blanketi langu, lile zito la bluu. Nimemwambia lake linahitaji kufuliwa.

Ijumaa, 5 Aprili

Amezihamisha sufuria tena na nimemwambia kweli chini ni pazuri zaidi. Nimemsifu upishi. Mume wangu ameacha kutafuna.

Nimeanza kuona mambo ambayo sikuyaona mwezi mzima. Kwamba kila asubuhi yeye ndiye anayefungua mapazia ili nisiamke gizani. Kwamba sare yangu ya kazi iliyokuwa na kishimo begani imezibwa, na uzi ni wa rangi ileile, na hakuna mtu aliyesema neno. Nimekaa bafuni nikafungulia maji ili nisisikike nikilia.

Jumamosi, 6 Aprili

Alinikuta jikoni.

"Wifi, nakufa?"

"Nani amesema?"

"Wewe. Juzi umenipa blanketi. Jana umesifu ule mchuzi, na mimi mwenyewe najua niliunguza. Leo asubuhi umeniita mpenzi. Wewe! Mimi!" Akavuta kigoda akakaa. "Unafanya kazi kule. Umeona kitu?"

"Majibu ni ya daktari. Jumatatu atakuambia."

Alinitazama kwa muda, na sijui alisoma nini usoni mwangu. Kisha akaanza kuchezea plasta yake.

"Basi usinihurumie kabla sijajua nahurumiwa nini," akasema. "Unanitisha. Naogopa, wifi. Kule kwangu nalala peke yangu na uvimbe huu naushika usiku kucha. Nilipofika hapa nikasema afadhali, kuna mtu wa kugombana naye. Nigombeze."

"Nikugombeze nini?"

"Chochote. Sufuria."

Nikamgombeza. Nilianza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, lakini nilipofika kwenye cherehani sebuleni hasira zangu zote za mwezi zilikuja zenyewe. Nikamwambia ana kiburi, anapanga nyumba ya watu kama duka lake, na kile kiti ni changu. Alinijibu moja baada ya nyingine. Mume wangu alichungulia mlangoni akarudi zake. Mwishowe tulikuwa tumeshikana mikono juu ya meza na hatukumbuki tuligombania nini.

Ninampenda. Nimeishi na mume wangu miaka yote hii bila kujua kwamba nampenda dada yake, na nimekuja kujua wiki hii.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua kutwa. Hakuna aliyekula vizuri.

Jumatatu, 8 Aprili

Niliomba ruhusa, nikakaa naye kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Alivaa gauni lake la njano. Alipoitwa alinikabidhi mkoba bila kunitazama akaingia, na mimi nikaukumbatia mkoba ule kama mtoto.

Alitoka amenuna.

"Amesema ni mafuta."

"Mafuta gani?"

"Mafuta, mafuta! Uvimbe wa mafuta. Eti watu wengi wanao, hauna ubaya, ukinikera watautoa. Yaani nimekosa usingizi tangu mwaka jana kwa ajili ya mafuta."

Nilimwacha pale nikafungua mlango wa daktari bila kubisha. "Daktari, una hakika?" Akashangaa, kisha, kwa kuwa wifi alikuwa nyuma yangu akisema "mwonyeshe, mwonyeshe na yeye," akanigeuzia kioo cha kompyuta. Jina lake juu. Nililisoma herufi kwa herufi. Chini: hakuna seli za saratani.

Nilikaa chini pale kwenye korido, kwenye sakafu iliyokuwa imepigwa deki sasa hivi, nikalia kwa sauti, tena nikacheka, mpaka mlinzi akaja.

"Sasa unalia nini?" wifi akanifokea. "Mgonjwa ni mimi!"

Nilimweleza yote njiani, chini ya mwavuli mmoja. Alisimama katikati ya barabara.

"Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa umeshanizika, huku unaniwekea sukari kwenye chai?"

"Ndiyo."

"Na ulibeba peke yako."

"Nani ningemwambia?"

Alinishika mkono mpaka tukafika mlangoni, na hapo akasema, "Blanketi sirudishi."

Mume wangu tulipomwambia alikwenda uani. Alirudi macho mekundu akidai ni moshi, na hakuna aliyekuwa amewasha moto.

Nimefurahi mpaka kifua kinauma. Lakini karatasi ile niliiona kwa macho yangu. Kuna mtu ambaye ni yake. Na nimemkumbuka yule mzee aliyesema hilo si jina langu.

Jumanne, 9 Aprili

Nimemwita Subiri nikamwambia kila kitu, na kile kilichokatazwa pia. Nilitegemea acheke au akimbilie kwa Msimamizi. Akavuta kiti akafungua kumbukumbu za seva.

"Mama, karatasi ya wifi yako haikukufikia. Tazama. Ulibofya, seva ikaanza kuiandika, lakini ilikuwa inajikokota. Kabla haijamaliza, wewe ukafunga."

"Nilichokisoma ni nini basi?"

"Aliyoifungua daktari. Alipoondoka, lile dirisha lilibaki wazi nyuma ya orodha yako, na hukufungua karatasi nyingine. Ulipobofya, dirisha likaja mbele likiwa bado na ile ya zamani, likingoja mpya. Siku seva inaenda haraka huwezi kuona. Siku za mvua nzito, waya wa kule chini ukipata unyevu, linakaa na karatasi ya mtu mwingine."

Dirisha moja. Nililitaka mimi.

"Nilihisi litaleta shida," akasema, akitazama vidole vyake. "Sikuweza kulieleza haraka, na wewe mama ulikuwa mkali. Ilinipasa nikubishie."

Na mimi nilisema hana uti wa mgongo. Kijana alikuwa anaomba muda wa kufikiri tu, mimi nikamnyima.

Tulikwenda wote wawili kwa Msimamizi. Nimepewa onyo kali na nimelistahili, sina kinyongo. Akauliza swali lililoninyima usingizi usiku wa jana: ni wangapi wameondoka na karatasi si zao? Tulipitia kumbukumbu zote za siku za mvua tukapiga simu. Hakuna hata mmoja. Kila mara karatasi ilipochelewa, jina lilisomwa kwa sauti na mwenyewe akakataa, kama yule mzee. Katika kaunta nzima ni mtu mmoja tu ambaye sikumsomea jina wala kumuuliza mwaka, kwa sababu nilidhani namjua.

Msimamizi aliponiambia niondoke, nilishuka ngazi nikiwa mwepesi kama nimetua gunia.

Ijumaa, 12 Aprili

Subiri amemaliza, na safari hii nilimwachia siku tatu nzima za kufikiri bila kumsogelea. Sasa nikibofya, dirisha jipya linafunguka papo hapo likiwa jeupe, halina kitu isipokuwa neno moja kubwa katikati: SUBIRI. Hakuna karatasi ya mtu mwingine inayoweza kujificha humo. Seva ikimaliza kuandika, karatasi inaingia, na juu kabisa, kwa herufi nene, jina na mwaka wa kuzaliwa. Nikishachapa dirisha linajifunga lenyewe, orodha yangu ipo palepale.

"Umeweka jina lako," nikamwambia.

Akatabasamu, akaona haya. Nimemletea mwavuli wa zamani wa mume wangu, maana kila siku anafika amelowa.

Jumatano, 17 Aprili

Jua, saa nzima! Tumeanika kila kitu, hadi mapazia ya wateja.

Jumatatu, 22 Aprili

Sufuria zimebaki chini. Nimezoea.

Ijumaa, 26 Aprili

Barabara ya kwao, iliyokuwa imekatwa na mvua, imefunguliwa, kesho anaondoka. Daktari ameiondolea karatasi yake alama nyekundu ili aende na nakala, kwa hiyo leo amekuja kaunta kwangu na gauni la njano, akapanga foleni kama watu wote. Zamu yake ikafika.

"Jina," nikasema.

"Wewe! Ananiuliza jina, huyu niliyeamka naye nyumba moja."

"Jina, dada. Wenzako wanasubiri."

Akayataja yote matatu, kwa sauti, kifua mbele, kama shahidi mahakamani. Nikabofya. Dirisha jeupe likafunguka. SUBIRI. Nikasubiri, na ingawa nilijua yaliyomo, moyo ulinidunda. Karatasi ikaingia. Jina lake. Nilishusha pumzi.

"Mwaka wa kuzaliwa."

Akageuka kuangalia foleni, akainama mpaka kilemba chake kikagusa kioo cha kaunta. "Huo si umeandikwa hapo?" akanong'ona.

"Umeandikwa. Lakini lazima useme mwenyewe. Ndiyo utaratibu, na unajua kilichotupata nilipouacha."

Akautaja, polepole, kama mtu anayeng'olewa jino. Nikatazama juu ya karatasi, kwenye zile herufi nene za Subiri. Ulikuwa ndio huo, na ulikuwa umeutangulia wangu kwa miaka minne.

Nikasimama. Nikanyoosha sare yangu, begani penye mshono wake, mbele ya watu wote.

"Shikamoo, wifi."

Foleni ikaangua kicheko bila kujua inachekea nini. Alinikazia macho, midomo imebana, nikadhani atanirushia mkoba. Kisha akaichukua karatasi, akaikunja vizuri mara mbili, akajinyoosha wima kama mkubwa wa ukoo.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema. "Ukitoka kazini uje unifungie mizigo. Na blanketi langu uliweke juu, nisilitafute."